Sarafu haionekani, lakini watu wanasema "fungua mkono mwingine"

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijifunza kiinimacho cha kupoteza sarafu. Ninaionyesha kwenye mkono wa kulia, ninajifanya ninaihamishia kushoto, kumbe imebaki kulia imebanwa na vidole. Kwenye kioo siioni kabisa. Lakini nikiwafanyia watu, hata kabla sijafungua mkono wa kushoto kuna mtu anasema, "Fungua huo mwingine." Ninakosea wapi? Mazoezi yafanyweje? Na je, mikono midogo inaweza kuwa ndiyo tatizo?

Jibu: Marahaba. Kama kwenye kioo sarafu haionekani, basi vidole vyako vimekwisha kujua kazi yake. Huyo anayekuambia ufungue mkono mwingine hajaiona sarafu. Alichoona ni kitendo ambacho hakikufanana na kuhamisha sarafu, na akili yake ikamalizia hesabu: kama haikwenda kushoto, iko kulia. Kwa hiyo usiongeze mazoezi ya kuficha. Fanya mazoezi ya kuufananisha uongo wako na ukweli wako mwenyewe, kwa mwendo, kwa macho, kwa uzito na kwa sababu. Hilo la sababu nitakaa nalo zaidi, kwa kuwa ndilo wengi hulisahau na ndilo linalomnyamazisha huyo mtu wako.

Kwanza jifunze kuhamisha sarafu kwa kweli

Swali hili linaonekana jepesi: unapohamisha sarafu kutoka kulia kwenda kushoto bila hila yoyote, mkono gani unasogea kuufuata mwenzake? Kidole gani cha kushoto kinafunga kwanza? Macho yako yanakwenda wapi sarafu ikishapokewa? Watu wengi hawawezi kujibu, kwa sababu hawajawahi kujitazama. Halafu wanatunga uongo unaoiga kitu ambacho hawakijui.

Simamisha simu umbali wa mita moja na nusu hivi, kwenye kimo cha macho ya mtu aliyeketi. Washa kamera, zungumza jambo lolote, na uhamishe sarafu kwa kweli mara 20. Kisha itazame video polepole. Kuna mambo yatakayojirudia. Mkono wa kulia ukishatoa sarafu hulegea, maana hauna kazi tena. Vidole vya kushoto hufunga bila nguvu, mara nyingi kidole kidogo kikitangulia na vingine vikifuata. Ngumi haijazwi, ndani yake hubaki nafasi. Macho huitazama sarafu kwa muda mfupi sana, pale inapopita, halafu yanarudi kwa mtu unayezungumza naye.

Hesabu pia fremu, yaani picha moja moja zinazounda video. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde. Hesabu ni fremu ngapi zinapita tangu ncha za vidole vya kulia ziguse mkono wa kushoto hadi mikono iachane, kisha andika idadi hiyo. Ndiyo kipimo utakachoufananisha nacho uongo baadaye. Siku tatu za mwanzo usifanye uongo hata mara moja. Wanafunzi wengi huiruka hatua hii kwa kuona ni kupoteza muda, na hao ndio wanaoambiwa wafungue mkono mwingine.

Mshiko wenyewe

Unaotumia ni mshiko wa vidole, na kwa kazi hii ni chaguo sahihi. Tuukague tu. Sarafu inalala juu ya pingili za chini za kidole cha kati na cha pete, yaani zile zilizo karibu na kiganja. Ukingo mmoja unagusa mkunjo wa katikati wa vidole hivyo, na ukingo wa pili unagusa nyama ya kiganja pale vidole vinapoanzia. Ukivikunja vidole hivyo viwili kidogo, sarafu inabanwa kwa kingo zake. Basi. Hakuna kidole kingine chenye kazi.

Jipime hivi: kiganja kikitazama chini, sarafu ikiwa imebanwa, tikisa kidole cha shahada na kidole kidogo. Viwe huru. Kisha tumia kidole gumba na cha shahada kuokota kalamu mezani, kuandika jina lako na kufunua ukurasa wa kitabu. Kama sarafu inaanguka, unabana kidogo mno. Kama kidole kidogo kimejikunja kwa nguvu, gumba limesimama na mishipa imetokeza mgongoni mwa mkono, unabana kupita kiasi. Kosa hili la pili ndilo la kawaida zaidi.

Halafu jiulize mikono yako hukaaje usipoifikiria. Iache ining'inie kando ya mwili na uitazame. Vidole huwa vimejikunja kidogo, na kidole kidogo kwa kawaida kimejikunja kuliko cha shahada. Umbo hilo hilo ndilo la mkono wenye sarafu kwenye mshiko wa vidole. Ndiyo maana mshiko huu unafaa: mkono hauhitaji kujibadilisha ili ufiche. Anayefungua vidole ili kuonyesha kwamba hana kitu, huku viwili vimekunjwa, amejichongea mwenyewe.

Dawa ya mshiko si kukaa mbele ya kioo. Ni kuishi nayo sarafu. Iweke kwenye mshiko unapotembea ndani ya nyumba, unapofungua mlango, unapozungumza na simu, unaposoma. Dakika 15 asubuhi na 15 jioni zinatosha. Lengo ni kuisahau, mpaka ushtuke kwamba bado iko.

Hatua za kuhamisha kwa uongo

Onyesha sarafu kwenye kiganja cha kulia kilichofunguka kuelekea juu, ikiwa tayari juu ya pingili zile za chini. Kumbuka hili: sarafu iko mahali pake pa siri tangu mwanzo, mbele ya macho ya watu wote, na huna haja ya kuitelezesha wala kuirekebisha. Kama sasa unaionyesha kwenye ncha za vidole halafu unaishusha wakati wa kuhamisha, acha. Mshtuko huo mdogo wa vidole huonekana hata kwa asiyejua anatafuta nini.

Mkono wa kushoto uwe wazi, kiganja juu, usawa wa kitovu, sentimita 15 hadi 20 kutoka wa kulia. Mkono wa kulia unakwenda kushoto na kugeuka, mgongo wake ukiwaelekea watazamaji, kama unaomimina. Katika ukweli, sarafu ingeteleza na kuangukia vidole vya kushoto. Katika uongo, kidole cha kati na cha pete vinajikunja milimita chache tu na kuizuia. Mkunjo huo uanze mgongo wa mkono ukishaikinga sarafu, si kabla. Ukiwahi, watu wataona sarafu ikikamatwa, ukichelewa, itadondoka.

Ncha za vidole vya kulia zinatua ndani ya mkono wa kushoto na kugusa kabisa. Usiziache zielee juu yake. Vidole vya kushoto vinaanza kufunga huku vya kulia bado vimo ndani, kwa hiyo vya kulia vinatoka vikiburuzwa kati ya vidole vinavyofunga. Mguso huu una kazi kubwa. Mikono inapogusana kweli, ngozi husogea, vidole husukumana, na mtazamaji anaona jambo limetokea. Mikono isiyogusana haijapokezana kitu.

Sasa mkono wa kushoto ndio unaoondoka. Wa kulia unabaki palepale kwa nusu sekunde hivi, kisha unalegea na kushuka. Kama umekuwa ukiuondoa wa kulia kwanza, umepata kosa lako moja kubwa. Jicho hufuata kinachosogea, na wewe ulikuwa unawasogezea watu ule mkono usiotaka wautazame.

Mwendo wa kushoto uwe wa upinde, ukipanda kidogo kuelekea kushoto kwako kwa sentimita 20 au 30, usiwe wa mstari ulionyooka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na Jorge Otero-Millan na wenzake, wakishirikiana na mwanamazingaombwe Apollo Robbins, uliulinganisha mwendo wa mkono uliopinda na ulionyooka. Kwenye upinde macho huusindikiza mkono njia nzima; kwenye mstari huruka hadi mwisho wa safari. Kwako wewe maana yake ni kwamba mtazamaji anayeusindikiza mkono wa kushoto hana nafasi ya kurudi haraka kuuchunguza wa kulia.

Mahali uongo unapovunjika

Kasi ndiyo ya kwanza. Karibu kila anayejifunza hufanya uongo haraka kuliko ukweli, kwa sababu anataka kuivuka hatari. Rudi kwenye fremu zako. Kama kuhamisha kwa kweli kulichukua fremu 22 na uongo unachukua 14, mtazamaji hatajua namba hizo lakini atahisi haraka hiyo. Mara chache kosa huwa kinyume: uongo unafanywa polepole na kwa uangalifu mno, kama mtu anayebeba kitu cha kuvunjika. Lenga tofauti isiyozidi fremu mbili au tatu.

Macho yanafuata. Mwaka 2006 Gustav Kuhn na Michael Land walichapisha jaribio la mpira. Mtu anarusha mpira juu mara mbili kwa kweli, na mara ya tatu anajifanya tu anarusha huku mpira umebaki mkononi. Aliponyanyua uso na macho kana kwamba anaufuata mpira hewani, takriban theluthi mbili ya watazamaji walisema waliuona ukipaa. Alipoutazama mkono wenye mpira, walioona hivyo walipungua hadi kama theluthi moja. Mkono ulifanya kitendo kilekile. Kilichobadilika ni mahali alipotazama mwenye mpira. Kwa hiyo macho yako yaitazame sarafu inapodhaniwa kupita, yausindikize mkono wa kushoto kwa sehemu ya safari yake, halafu yapande kwa mtazamaji. Yasiganduke kwenye ngumi ya kushoto. Mtu aliyeshika sarafu haikodolei macho ngumi yake. Anayeikodolea ni yule anayetaka uamini kitu. Na usiutupie mkono wa kulia jicho hata la wizi.

Uzito. Ngumi ya kushoto tupu huwa ama nyepesi mno au imekazwa mpaka vifundo vimekuwa vyeupe. Chukua sarafu ileile, iweke kweli kwenye mkono wa kushoto, ufunge, na uangalie mambo mawili: gumba limekaa wapi, na kati ya vidole na kiganja pamebaki nafasi gani. Toa sarafu, funga tena, jaribu kupata umbo lile lile. Fanya hivyo mara 10 mfululizo, kweli na uongo kwa zamu. Kuna hila inayosaidia sana: fikiri kwamba sarafu imekaa chini ya ncha ya kidole cha kati cha kushoto, na uiguse hapo kwa kidole hicho. Mkono ukiwa na kazi ya kufanya hukaa vizuri kuliko ukiwa unaigiza.

Kisha mkono wa kulia uliokufa. Baada ya hila, wengi huuacha uning'inie bila uhai, hausogei wala haugusi kitu, kwa hofu ya sarafu kuanguka. Mkono uliokufa unaonekana kutoka mbali. Upe kazi mara moja.

Pumzi na mabega navyo vinasema. Jirekodi uone: wakati wa kitendo mabega hupanda kidogo na maneno hukatika. Ukinyamaza kila wakati wa hila, umeweka alama. Panga sentensi yako ili katikati yake ndiyo ipite kwenye kitendo. Usianze wala kumaliza sentensi hapo. Tony Slydini, bingwa wa mazingaombwe ya karibu, alijenga sanaa yake juu ya jambo hili la kukaza na kulegea: mwili ukilegea, umakini wa wanaotazama hulegea nao. Kitendo chako kipite kwenye kulegea.

Sauti ni jambo dogo lakini linaua. Pete ya chuma kidoleni hugonga sarafu. Vua.

Kwa nini unaihamisha?

Sasa tufike pale pa kukaa. Tuseme umeyarekebisha yote hayo, na uongo wako hautofautiki na ukweli. Bado watu watasema "fungua mkono mwingine" kama hakuna sababu ya sarafu kutoka kulia kwenda kushoto. Itazame kwa jicho lao: umeshika sarafu mkono wa kulia. Unaiweka kushoto. Unafungua kushoto, haipo. Tukio pekee lililotokea ni kuhamisha, kwa hiyo hila lazima iwe hapo. Hawahitaji kuona chochote. Hesabu ina jibu moja tu.

Katika maisha ya kila siku mtu huhamisha kitu kwenda mkono mwingine kwa kuwa mkono wa kwanza umepata kazi. Upe mkono wa kulia kazi hiyo. Weka kalamu kwenye mfuko wa suruali wa kulia. Onyesha sarafu kulia, sema utaigonga kwa kalamu, ihamishe kushoto kwa uongo, na mkono wa kulia uingie mfukoni kuchukua kalamu. Ndani ya mfuko acha sarafu, toka na kalamu. Gonga ngumi ya kushoto mara moja, fungua kidole kimoja kimoja. Hakuna kitu. Na sasa mtu akisema "fungua mwingine", unafungua kiganja cha kulia kilichobeba kalamu tu.

Angalia faida zilizofungwa pamoja humo. Kuhamisha kumepata sababu, na hakuna anayekutazama unapofanya jambo dogo la maandalizi kama unavyotazamwa unapofanya jambo lenyewe. Mkono wa kulia umepata kazi, haukufa. Umeondoa ushahidi. Na kati ya uongo na kufichua zimepita sekunde tatu au nne zenye matukio yao: kalamu, kugonga, neno. Mtu anapojaribu kukumbuka hila ilitokea lini, kumbukumbu yake inaishia kwenye kugonga, kwa sababu ndipo ulipotaka jambo litokee.

Kosa la kawaida kwenye mpango huu ni kuchelewa mfukoni. Mkono ukiingia, sarafu iachwe kwenye tendo lilelile la kushika kalamu: vidole viwili vinalegea, gumba na cha shahada vinabana kalamu, unatoka. Kaa sekunde mbili ukipapasa, watajua umeacha kitu. Kwa hiyo kalamu isimame wima mfukoni, kichwa juu, isilale chini, na mfuko usiwe na funguo au sarafu nyingine za kugongana nayo. Kitu kingine: ihitaji kalamu kweli. Ukiitumia kugonga mara moja halafu ukaisahau mezani, imekuwa kisingizio kilicho wazi. Andika nayo kitu, au weka alama ya wino juu ya sarafu kabla ya kuanza na uirudishe kalamu mfukoni, ili safari ya pili ya mkono kwenda mfukoni isiwe ngeni.

Kama umekaa mezani na hutaki mfuko, kalamu iwe mezani upande wa kulia. Mkono wa kulia unaichukua sarafu ikiwa bado kwenye mshiko, na kwa kuwa mkono umeshika kalamu, kujikunja kwa vidole kuna maelezo. Hapo ushahidi bado uko nawe, lakini hakuna anayedai kufunguliwa mkono unaoonekana una kazi. Kwa anayeanza bado napendelea mfuko. Mkono ambao kweli ni mtupu unakupa utulivu ambao hakuna mazoezi ya kuuiga.

Dai Vernon, aliyezaliwa Kanada mwaka 1894 na kuwa mwalimu wa vizazi vya wanamazingaombwe, alisisitiza uasilia kuliko jambo lolote. Wengi wanadhani alimaanisha mikono laini. Lakini mkono hauwezi kuonekana wa asili ukiwa unafanya jambo lisilo na sababu, hata uwe laini kiasi gani.

Ratiba ya mazoezi na namna ya kujipima

Baada ya siku tatu za ukweli, changanya. Tafuta dadu. Kabla ya kila zamu irushe: namba shufwa, hamisha kwa kweli, witiri, kwa uongo. Rekodi zamu 20, ukiandika matokeo pembeni kwa mpangilio. Mchanganyiko huu unakuzuia kuingia kwenye "hali ya uongo", ile ambayo mwili unajiandaa tangu ulipochukua sarafu. Vipindi vifupi vya dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa siku, vinashinda saa nzima mara moja. Mkono uliochoka huanza kubana, na unachorudia ndicho unachojifunza.

Siku inayofuata, si siku hiyohiyo, itazame video bila sauti na ukisie kila zamu ni kweli au uongo. Kisha mpe mtu ambaye hajui mbinu yako afanye hivyo hivyo, huku video ikikatwa kabla mkono wa kushoto haujafunguliwa. Anayebahatisha tu atapata kama 10 kati ya 20. Akipata 15 au zaidi, kuna dalili anayoiona, maana kubahatisha peke yake hufika huko kama mara 2 tu katika 100. Muulize ameona nini. Usibishane naye hata akisema, "Sijui, nimehisi tu." Rudia zamu alizopatia, utaona kitu: bega, kasi, jicho, gumba.

Akiwa kati ya 8 na 12 katika majaribio mawili ya siku tofauti, toka nje ukafanyie watu.

Kuhusu kioo: kitumie kukagua pembe, si kujifunza mwendo. Kinakufundisha kutazama mikono yako mwenyewe, wakati mbele ya watu unatakiwa uwatazame wao. Tena kuna tabia inayowapata wengi bila kujua: wanapepesa macho wakati uleule wa hila. Kwenye kioo huioni sarafu kwa sababu ulikuwa umefumba macho. Kamera haipepesi. Pengine hiyo "siioni kabisa" yako inahitaji kukaguliwa upya kwa video kabla ya jambo jingine lolote.

Pembe

Kwa sarafu iliyobaki kulia, mtazamaji wa hatari ni aliye kushoto kabisa kwako, kwa kuwa kiganja cha kulia kinamtazama yeye. Geuka kidogo kushoto hadi awe mbele yako, na bega la kulia liwe karibu zaidi na wengine. Wa pili ni mtoto, au yeyote aliyeketi chini huku wewe umesimama: anaona chini ya mkono. Kwake, shusha mikono au keti. Aliye nyuma yako hana dawa. Simama mgongo ukiwa ukutani.

Mikono midogo na sarafu yenyewe

Mikono midogo si tatizo kwa mshiko huu. Sarafu isiyolingana na mkono ndiyo tatizo. Wachezaji wengi wa Marekani hutumia nusu dola, yenye kipenyo cha milimita 30.6 na uzito wa gramu 11.34 katika toleo la sasa, na maelezo mengi yameandikwa kwa kuifikiria hiyo. Kwa mkono mdogo tumia yenye kipenyo cha milimita 24 hadi 27. Yuro mbili, kwa mfano, ina 25.75. Kipimo ni hiki: ikilala kwenye mshiko, ukingo wake usitokeze nje ya kidole cha pete wala kuingia chini ya cha shahada. Ukingo wenye meno hushika vizuri kuliko laini. Sarafu nyepesi sana ni ngumu kwa anayeanza, maana huwezi kuhisi ipo wapi. Ngozi kavu huteleza. Paka mafuta kidogo, yaache yaingie robo saa, ufute ziada.

Chagua sarafu moja na ubaki nayo. Ukibadilisha kila siku, vidole vinaanza upya kila siku.

Na kama, pamoja na haya yote, siku moja mtu atasema "fungua mkono mwingine" kabla hujaifikia kalamu, usikatae na usicheke kwa aibu. Kataa, na umekiri. Ibadili iwe sarafu iliyosafiri: nyoosha ngumi ya kushoto mbali na ya kulia, finya kidogo, ifungue kwanza iwe tupu, tulia, kisha geuza mkono wa kulia taratibu na uache sarafu ionekane kwenye vidole, kana kwamba ndipo ulipotaka ifike tangu mwanzo. Iweke mezani, wape waishike, uendelee na jambo jingine. Usirudie kuipoteza mbele ya watu walewale siku hiyo. Mara ya pili wanajua pa kutazama kabla hujaanza.